Kipimo cha vipokezi cha Mama kilitoka hasi. Je, tulipie kirudiwe?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni binti wa kwanza katika familia ya watoto wanne, naishi Igoma hapa Mwanza. Mama yetu ana miaka 54, na kwa muda mrefu amekuwa akiuza sangara na dagaa mwaloni Kirumba. Mwanzoni mwa mwaka huu, akiwa amekwenda kumuuguza dada yake ng'ambo ya ziwa, alishika uvimbe kwenye titi la kushoto. Kituo kimoja cha huko kilimtoa kipande kidogo cha nyama kwa sindano. Siku hiyo dawa ya kuhifadhia vinyama ilikuwa imekwisha, kwa hiyo walikitia katika kichupa chenye maji ya chumvi, yale ya dripu, wakampa mpwa wangu akilete mjini. Kivuko cha jioni kilimwacha, na kichupa kilifika maabara kesho yake mchana.

Majibu yalisema kwamba ni saratani ya titi ya daraja la kwanza, na kwamba kipokezi cha estrojeni ni sifuri, cha projesteroni ni sifuri, na HER2 ni sifuri. Chini kabisa kuna maneno ambayo hakuna aliyetueleza: "Sampuli haikuhifadhiwa vizuri, tezi za kawaida zilizo kando ya uvimbe nazo hazikushika rangi."

Baadaye Mama aliondolewa titi lote katika hospitali kubwa. Uvimbe ulikuwa na sentimita 3, na kati ya tezi 12 za kwapani zilizochunguzwa, mbili zilikutwa na saratani. Sasa daktari anataka vipimo vya vipokezi virudiwe kwenye nyama iliyotolewa siku ya upasuaji, pamoja na kingine kinachoitwa Ki-67. Gharama ni juu yetu kwa kuwa bima ya Mama imekwisha muda wake.

Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Baba mdogo, ambaye aliuza ng'ombe ili upasuaji ulipiwe, anasema saratani imekwisha kujulikana na titi limekwisha kuondolewa, kwa hiyo kupima jambo lile lile mara ya pili ni kutafutiana fedha. Shangazi naye hataki kusikia kabisa, kwa sababu jirani yake aliyeambiwa ana "hasi tatu" alifariki kabla mwaka haujaisha, na anaona ni heri Mama asiambiwe tena habari hizo. Mama mwenyewe hasemi mengi, lakini usiku mmoja aliniuliza kama ataishi, nami nikakosa la kumjibu.

Dripu za saratani zinatakiwa kuanza wiki mbili zijazo. Kipimo hiki kina faida gani ikiwa dripu atazipata vyovyote vile? Na je, mimi na mdogo wangu wa kike tuna la kuhofia?

Ni mimi binti yako,
Mwana wa Mwaloni, Igoma

JIBU

Marahaba, binti yangu, na poleni sana kwa kuuguza. Lipieni kipimo cha vipokezi. Ninasema hivyo nikifahamu kwamba ng'ombe aliyeuzwa hatarudi zizini na kwamba fedha inayotafutwa sasa itatoka mahali ambapo hakuna ziada, lakini katika yote mliyokwisha kulipia sidhani kama kuna lililobaki lenye uzito kuliko hili, kwa sababu yale majibu ya kwanza hayawezi kutegemewa, na dalili ya jambo hilo imeandikwa kwenye karatasi yenyewe.

Tuanze na maneno yale ambayo hamkuelezwa. Mtaalamu wa patholojia anapotafuta vipokezi, yaani protini za seli zinazopokea homoni, huchukua utando mwembamba sana wa nyama iliyogandishwa ndani ya nta, huubandika kwenye kioo, kisha huutia kingamwili zilizotengenezwa ili zishike protini moja tu, yaani kipokezi cha estrojeni au cha projesteroni. Protini hiyo ikiwapo, viini vya seli hubadilika rangi na kuwa vya kahawia, naye huhesabu ni asilimia ngapi ya seli za saratani zimeshika rangi hiyo. Titi lisilo na ugonjwa wowote pia lina vipokezi hivi katika baadhi ya seli za mirija yake. Kwa hiyo mtaalamu makini hutazama kwanza tezi za kawaida zilizo pembeni ya uvimbe, na zikiwa na rangi hujua kwamba kipimo kimefanya kazi. Zikikosa rangi nazo, wakati tunajua kwamba zilipaswa kuwa nayo, basi sifuri iliyoandikwa kwa uvimbe haisemi lolote kuhusu uvimbe. Aliyeandika maneno yale alikuwa anawaambia kwamba kipimo hakikufaulu. Laiti angeandika waziwazi kwamba kirudiwe, mngepunguziwa wiki nyingi za hofu.

Chanzo chake nakiona katika safari ya kile kichupa. Nyama ikishatoka mwilini huanza kuharibika papo hapo, na protini laini kama vipokezi vya homoni ni miongoni mwa vitu vinavyopotea mapema. Ndiyo sababu miongozo ya maabara inataka sampuli ya titi itiwe kwenye fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja tangu itolewe, ikae humo kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi saa 72. Maji ya chumvi hayahifadhi chochote. Mama yako aliyeshinda mwaloni miaka yote hiyo atalielewa hili upesi kuliko wengi wetu: sangara aliyelala bila barafu bado utamtambua kuwa ni sangara, lakini huwezi tena kusema alivyokuwa alipotoka majini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kile kinyama. Umbo la saratani lilionekana chini ya hadubini na jina la ugonjwa likapatikana, ila protini zake hazikusubiri kivuko cha asubuhi.

Lipo jambo la pili linalonifanya niyatilie shaka majibu hayo. Mmeandikiwa kwamba uvimbe ni wa daraja la kwanza, yaani seli zake bado zinafanana kwa kiasi kikubwa na seli za kawaida na hazigawanyiki kwa kasi. Saratani za namna hiyo, kwa sehemu kubwa sana, huwa na vipokezi vya estrojeni. Saratani isiyo na kipokezi hata kimoja kati ya vitatu kwa kawaida huwa ya daraja la tatu. Uvimbe wa daraja la kwanza wenye hasi tatu unaweza kuwapo, lakini ni wa nadra kiasi kwamba mtaalamu akikutana nao kwanza hujiuliza kama kipimo kilikosea. Daktari wenu alipoomba kirudiwe, alikuwa anafanya lile ambalo ningemtaka daktari wa mama yangu mwenyewe alifanye.

Tena tatizo hili si la Mama peke yake. Kwa miaka mingi takwimu za hospitali za Afrika zimeonyesha sehemu kubwa ya saratani za titi zikiwa hazina vipokezi, kuliko ilivyo Ulaya. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kweli, hasa Afrika Magharibi, na pia wagonjwa wetu wengi hupata ugonjwa huu wakiwa na umri mdogo. Lakini sehemu nyingine imetokana na sampuli zilizochelewa kutiwa fomalini, kwa maana tafiti zilizotumia nyama iliyotunzwa vizuri tangu mwanzo zimekuta vipokezi vingi zaidi kuliko zile zilizotumia mabaki ya zamani ya makabatini. Nyuma ya takwimu hizo wapo wanawake walionyimwa dawa ambayo ingewafaa. Hilo hunisikitisha sana, na ndiyo sababu nimelieleza kwa kirefu.

Sasa swali lako la faida. Umeuliza kipimo kitabadilisha nini ikiwa dripu atapata vyovyote vile, nalo ni swali zuri, kwa sababu watu wengi hudhani vipokezi hupimwa ili kubashiri tu nani atapona na nani hatapona. Kazi yake kubwa ni kuchagua dawa. Tangu mwaka 1896, daktari wa Glasgow aitwaye George Beatson alipoeleza kwamba baadhi ya uvimbe wa titi ulisinyaa baada ya mgonjwa kuondolewa ovari, imejulikana kwamba zipo saratani za titi zinazokua kwa kulishwa na homoni za mwanamke. Kipokezi cha estrojeni ndicho kinachotuonyesha ni zipi. Hata asilimia moja tu ya seli za uvimbe ikishika rangi, majibu huhesabiwa kuwa chanya, ingawa kati ya asilimia 1 na 10 huitwa chanya ya chini, na faida ya dawa hapo si ya uhakika sana.

Mama akikutwa na kipokezi hicho, baada ya kumaliza dripu ataandikiwa kidonge cha kumeza kila siku, ama tamoksifeni, ama dawa za kundi la anastrozoli ikiwa hedhi yake imekwisha kabisa. Tamoksifeni ni dawa ya zamani na ya bei nafuu kulinganisha na dawa nyingine za saratani. Mwanamke mwenye kipokezi cha estrojeni akiimeza kwa miaka 5, hatari ya kufa kwa saratani hiyo katika miaka 15 hupungua kwa takriban theluthi moja, na wapo wanaoshauriwa kuendelea hadi miaka 10. Kwa asiye na kipokezi haisaidii, bali humletea joto la ghafla mwilini na, kwa wachache, kuganda kwa damu au saratani ya mji wa mimba, bila faida ya kulipia madhara hayo. Basi fikiria hasara iliyopo: Mama akibaki na majibu ya kile kichupa wakati kwa kweli ana vipokezi, atamaliza dripu, ataruhusiwa kwenda nyumbani, na hakuna atakayemwandikia kidonge ambacho kingemlinda kuliko kingine chochote. Dripu peke yake haizibi pengo hilo.

HER2 ni protini ya namna nyingine. Inakaa kwenye ukuta wa seli, na katika saratani 15 hadi 20 kati ya kila 100 za titi huzalishwa kupita kiasi, na kufanya uvimbe ukue haraka. Kabla ya mwaka 1998, ilipoidhinishwa Marekani dawa ya trastuzumabu, kukutwa nayo ilikuwa habari mbaya; leo mwenye HER2 anayepata dawa hiyo ana matumaini makubwa kuliko walivyokuwa nayo wenzake wa zamani. Dawa ni ghali, lakini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, na hutolewa pamoja na baadhi ya dripu. Kwa hiyo majibu ya HER2 yanatakiwa mapema kuliko yale ya homoni. Yatakuja kwa alama: sifuri au 1 ni hasi, 3 ni chanya, na 2 maana yake haijulikani bado mpaka kipimo kingine kihesabu nakala za jeni lenyewe. Wakiwaambia ni 2, msirudi nyumbani mkidhani jambo limekwisha.

Kuhusu Ki-67, hapa nitawapunguzia mzigo. Protini hii huonekana katika seli zinazojiandaa kugawanyika, na asilimia yake huonyesha kasi ya uvimbe. Ikiwa chini ya 5 au juu ya 30, wataalamu hukubaliana juu ya maana yake. Katikati ya hapo, maabara mbili zinaweza kutoa hesabu mbili tofauti kwa uvimbe mmoja. Mama ana tezi mbili zenye saratani na dripu zimekwisha kuamuliwa, kwa hiyo sioni Ki-67 ikibadilisha uamuzi wowote mkubwa kwa sasa. Fedha ikipungua, mwulizeni daktari kama hiki kinaweza kuachwa. Estrojeni, projesteroni na HER2 visiachwe.

Mwambie baba mdogo, kwa heshima anayostahili mtu aliyetoa ng'ombe wake, kwamba hakuna atakayemkata Mama tena. Nyama ya upasuaji imekwisha kugandishwa ndani ya nta, na vipande hivyo hutunzwa maabara kwa miaka mingi bila barafu. Kinachohitajika ni kukata utando mwingine. Kama hospitali yenu haina kingamwili hizo, kipande cha nta kinaweza kusafiri peke yake hadi Bugando au Muhimbili, na Mama akabaki nyumbani Igoma. Ulizeni mambo mawili kabla ya kulipa: nyama ilitiwa fomalini saa ngapi baada ya upasuaji, na je, katika kipande kitakachochaguliwa zimo tezi za kawaida za kulinganishia. Vilevile nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mkaeleze hali yenu kabla ya kukopa popote, kwa sababu wapo wagonjwa wanaosamehewa sehemu ya gharama na familia nyingi hazijui kwamba wanaweza kuomba. Tarehe ya dripu isisogezwe kwa ajili ya kusubiri majibu isipokuwa daktari mwenyewe akisema hivyo. Vidonge vya kuzuia homoni huanza baada ya dripu, kwa hiyo upo muda.

Shangazi nina neno naye. Jirani yake alikuwa na uvimbe wake, wenye ukubwa wake na hatua yake, na hatujui alifika hospitali lini wala alipata dozi ngapi. Saratani isiyo na vipokezi vyote vitatu ni kali, sitaficha. Lakini mara nyingi husikia dripu vizuri kuliko zile zenye vipokezi, na hatari yake ya kurudi hukusanyika katika miaka mitatu ya mwanzo, ikapungua sana baada ya mwaka wa tano. Zile zenye kipokezi cha estrojeni huanza kwa upole, ila zinaweza kurudi hata baada ya miaka 10 au 15, na ndiyo sababu vidonge humezwa kwa miaka mingi wakati mgonjwa anajiona mzima. Kumficha Mama kipimo hakumwondolei hofu, maana hofu anayo tayari, na ameipata kutokana na majibu yasiyofaa. Mwili ni wake, naye ni mtu mzima aliyelea watoto wanne. Katika kikao cha familia, yeye ndiye aulizwe kwanza.

Swali alilokuuliza usiku ndilo gumu kuliko yote, na usijilaumu kwa kunyamaza. Hakuna karatasi ya maabara inayojua siku za mtu. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni hiki: uvimbe wa sentimita 3 wenye tezi mbili tu kati ya 12, ikiwa hakuna dalili ya kusambaa mifupani, kwenye ini au mapafu, ni ugonjwa unaotibiwa kwa nia ya kuponya. Ukubwa wa uvimbe na idadi ya tezi bado vina uzito mkubwa sana katika kukadiria mwenendo wake, lakini tangu 2018 upangaji wa hatua unaotumika sana duniani unajumuisha pia daraja la uvimbe, vipokezi vya homoni na HER2, na wanawake wawili wenye uvimbe wa ukubwa mmoja wanaweza kuwekwa katika hatua tofauti kwa sababu ya protini hizo. Uvimbe wa daraja la kwanza ni habari njema. Vipokezi vya estrojeni na projesteroni vikionekana vyote viwili, na kwa wingi, hiyo itakuwa habari njema nyingine, kwa sababu kipokezi cha projesteroni huonyesha kwamba njia ya estrojeni ndani ya seli bado inafanya kazi na dawa ina mahali pa kushika. Unaweza kumwambia Mama hivi bila kumdanganya: madaktari wanatibu ili apone, na bado wanatafuta dawa ya pili ya kuongeza juu ya dripu. Akitaka kujua zaidi, nenda naye kliniki, kaa naye ndani, na mwache aulize kwa mdomo wake.

Umeuliza juu yako na mdogo wako. Binti wa mwanamke aliyepata saratani ya titi ana hatari inayokaribia mara mbili ya ile ya wanawake wengine, lakini wengi wenu hamtaipata. Hapa pia majibu mapya yana kazi. Ikiwa kipimo kitarudiwa kwa nyama nzuri na bado kikatoka hasi kwa vyote vitatu, katika mwanamke aliyegunduliwa kabla ya miaka 60, Mama atastahili kupimwa jeni za BRCA1 na BRCA2, kwa kuwa saratani zinazotokana na hitilafu ya BRCA1 mara nyingi huwa hazina vipokezi, na hitilafu hiyo hurithiwa na watoto wa kike na wa kiume. Vikitoka chanya, katika umri wake na bila ndugu wengine wenye saratani ya titi au ya ovari, uwezekano huo hupungua sana. Kwa hiyo mwulizeni Mama na mama zenu wadogo habari za ugonjwa huu upande wa bibi na wa babu, mziandike, na mumpelekee daktari siku ya majibu. Kwa sasa wewe na mdogo wako nendeni mkachunguzwe matiti na mhudumu wa afya, mkimweleza umri aliokuwa nao Mama alipogunduliwa. Na yeyote kati yenu akikutwa na uvimbe wa kutolewa sampuli, aulize kabla ya sindano kama fomalini ipo, na kama haipo, apangiwe siku nyingine au aende mahali ilipo.